Kabla ya Kushika Mwiko

Januari 2024 baadhi ya shule za sekondari Tanzania zilianza kutumia mtaala mpya wenye mkondo wa amali, na tangu hapo swali lililokuwa likiulizwa na wazazi wachache limeenea: kijana anayetaka kusomea ujenzi asomee nini hasa? Ashike uashi peke yake, au useremala, au bomba, au atafute kozi inayompitisha katika fani zote mpaka aweze kuisimamia nyumba kuanzia msingi hadi kofia ya bati? Mjadala huu umenirudisha kwenye miaka mingi ambayo kizazi chetu kimeitazama elimu ya ufundi ikipewa heshima, ikisahauliwa, na sasa ikikumbukwa tena. Nikiipitia miaka hiyo kwa mfuatano wake, nakuta somo moja linajirudia kila hatua. Mafundi wetu wengi wanazijua kazi zao. Nyumba huharibikia pale kazi ya mmoja inapoipokea ya mwenzake: bomba linapokutana na sakafu, kenchi inapokutana na ukuta, waya unapokutana na plasta. Thamani ya kozi ya fani nyingi iko hapo, na kijana anayejiandaa kuianza ajiandae kwa ajili ya makutano hayo, kuliko kuota sifa ya fundi anayejua kila kitu.

Waliosoma shule ya msingi katika miaka ya 1970 na 1980 wanavikumbuka vituo vya ufundi stadi. Vilitokana na fikra za Elimu ya Kujitegemea, waraka alioutoa Mwalimu Nyerere mwaka 1967, kwamba shule ya msingi iwe elimu iliyokamilika kwa mtoto ambaye hatafika sekondari, kwa kuwa wakati ule wengi hawakufika. Aliyemaliza darasa la saba na kukosa nafasi aliweza kukaa kituoni miaka miwili akijifunza uashi au useremala, na penginepo ushonaji au uhunzi. Vilikuwa vituo vyenye nia njema, na baadhi ya mafundi wazee tulionao walianzia huko. Lakini vilikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza inajulikana: jamii ilivihesabu kuwa mahali pa walioshindwa mtihani, na dhana hiyo bado inatutafuna. Ya pili haizungumzwi sana. Kila karakana ilikuwa na mwalimu wake na kazi yake. Mwanafunzi wa uashi alijenga ukuta wa mazoezi, ukakaguliwa kwa timazi, kisha akaubomoa ili tofali zitumike tena. Hakuuona ukuta huo ukibeba paa, wala bomba likipita chini yake. Yule wa useremala alitengeneza stuli, meza na fremu ya dirisha isiyokuwa na ukuta wa kuingizwa. Ulipofika mwanzo wa miaka ya 1990, fedha zikawa haba, vifaa vikaisha, na vituo vingi vikafifia. Tulivililia kwa sababu ya ajira. Sikumbuki tukijiuliza kama kijana aliyetoka pale aliwahi kuiona nyumba nzima kama kitu kimoja.

Mwaka 1994 sheria iliunda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA tunayoijua, na mafunzo yakapata mpangilio mzuri zaidi: ngazi ya kwanza, ya pili na ya tatu, mitihani ya vitendo, na vyeti vinavyotambulika nchi nzima. Ila mwanafunzi kwa kawaida bado hujiandikisha katika fani moja: uashi, useremala, bomba, ufungaji umeme, uchomeleaji, upakaji rangi. Utaratibu huo una sababu zake, maana ufundi hauingii mkononi bila kurudiwarudiwa. Tatizo ni kwamba unamdhania mwajiri ambaye kwetu ni nadra, yaani mkandarasi mwenye mhandisi, msimamizi na ratiba, ambaye kazi yake ni kuwapanga mafundi wa fani mbalimbali ili wasikanyagane. Nyumba nyingi za watu wa kawaida hapa petu hujengwa kidogo kidogo na mwenye nyumba mwenyewe. Mwaka huu kiwanja, mwaka ujao msingi, akipata kiinua mgongo anapandisha boma, mkopo wa SACCOS ukitoka anaezeka. Mhandisi hayupo. Msimamizi naye ni mwashi, ambaye mwenye nyumba humwita fundi mkuu na kumuuliza kila kitu: bomba lipite wapi, swichi zikae kimo gani, mbao za paa ziwe ngapi. Kwa maneno mengine, mtaani fani nyingi zimeshadaiwa kwa fundi mmoja hata kama chuo hakikumpa. Vyuo vingi vya Uingereza huwapa wanaoanza kozi ya kuonja fani kadhaa za ujenzi kabla ya kuchagua moja, ingawa huko wasimamizi hawakosekani. Sisi ambao tunawakosa tunaihitaji kozi ya namna hiyo zaidi yao.

Chukua choo cha ndani. Bomba la inchi 4 linalopeleka maji machafu kwenye chemba linahitaji mteremko, na kipimo kinachofundishwa ni sentimita 1 kwa kila sentimita 40 za urefu, yaani sentimita 2.5 kwa kila mita. Chemba ikiwa mita 8 kutoka chooni, bomba litashuka sentimita 20 kabla ya kufika. Sentimita hizo zinatokana na kimo cha msingi, jambo ambalo mwashi hulikata wiki nyingi, au miaka, kabla fundi bomba hajaitwa. Mwashi asiyejua hesabu hiyo hupandisha msingi kwa mazoea, hushindilia kifusi, humwaga jamvi, na mwenye nyumba hufurahi kuona sakafu imenyooka. Kisha fundi bomba anafika na tindo. Jamvi linapasuliwa, dawa ya mchwa iliyopigwa chini yake inavurugwa, na bomba linalazwa karibu na usawa kwa kuwa kimo hakitoshi. Baadaye choo kinaanza kuziba, na familia inalaumu bomba, au fundi bomba, au mtoto aliyetupa kitu chooni. Ukikagua kazi ya kila mmoja peke yake hukuti kosa: jamvi ni gumu, bomba limeunganishwa vizuri, marumaru zimenyooka. Kosa liko kati yao, mahali ambapo hakuna aliyefundishwa kupatazama, na fundi mmoja aliyewahi kulaza hata bomba moja la mazoezi angeliona siku ya kuchimba msingi.

Paa nalo lina habari yake. Kenchi hukaa juu ya mbao iliyolazwa ukutani, na mbao hiyo inapaswa kufungwa kwenye mkanda wa zege kwa vipande vya nondo au waya vilivyoachwa vikichomoza siku zege lilipomwagwa. Anayeviacha ni mwashi na anayevihitaji ni seremala. Visipoachwa, seremala atapigilia misumari anapoweza na kuendelea, na paa litatulia kwa uzito wake mpaka siku ya upepo. Tunasikia kila msimu wa mvua kwamba nyumba kadhaa zimeezuliwa, na tunautaja upepo kana kwamba ndio chanzo pekee. Upepo unapopita juu ya bati hulivuta kwenda juu, na kinacholizuia lisiondoke ni ule mnyororo wa msumari, papi, kenchi, mbao ya ukutani, nondo na mkanda. Mnyororo huo umepita katika mikono ya mafundi wawili. Mambo ya umeme nayo ni hivyo hivyo. Fundi umeme hutindua ukuta kupitisha mabomba ya waya, na ukuta una mpaka wake: kanuni ya zamani ya waashi husema mfereji unaosimama usizidi theluthi moja ya unene wa ukuta, na ule unaolala usizidi sehemu moja ya sita. Kwenye ukuta wa inchi 6 ina maana mfereji wa kulala usiozidi inchi 1. Fundi umeme aliyewahi kupanga tofali anaujua uzito wa kanuni hiyo hata kama ameisahau namba. Asiyewahi huona ukuta kama ubao wa kuchorea njia fupi kutoka swichi hadi soketi.

Wazee wa pwani walikuwa na elimu hii bila kuiita kozi. Katika nyumba za mawe za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja, dari zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko ina urefu wake wa kufanyia kazi. Ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo ni vyembamba, upana wake ukiwa karibu mita 3 au chini yake, na urefu kadiri mwenye nyumba alivyojaliwa. Mwashi wa mawe ya matumbawe na chokaa alipiga kamba ya msingi akiwa tayari anamfikiria mleta boriti. Matengenezo ya siku hizi yanaonyesha nini hutokea elimu hiyo ikikatika. Plasta ya saruji inapopigwa juu ya ukuta wa matumbawe na chokaa, unyevu ambao zamani ulipumulia kwenye chokaa hufungiwa ndani, na ncha za boriti zilizozama ukutani huanza kuoza. Aliyepiga plasta anaweza kuwa hodari sana, uso wa ukuta ukang'aa. Jumba la Maajabu la Mji Mkongwe, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Sitaligeuza tukio lile kuwa kisa cha kosa la fundi fulani, maana jengo la umri ule hubeba madhara ya miongo mingi. Nalitaja kwa sababu lilitufanya wengi tukumbuke kwamba nguzo za chuma, mawe, chokaa, mbao na maji ya mvua, vyote hukaa katika jengo moja, na anayegusa kimoja amevigusa vyote.

Hapa msomaji makini atanipinga, na ana haki. Atasema majanga makubwa ya majengo hayakuletwa na mwashi asiyejua bomba. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 likaanguka jengo la ghorofa Kariakoo, wakafa watu zaidi ya 20. Katikati ya hayo, Aprili 2016, Nairobi iliomboleza watu waliofukiwa na jengo lililoanguka mtaa wa Huruma. Katika matukio ya namna hii maswali huelekezwa kwa wenye majengo, wahandisi, makandarasi na mamlaka za vibali, na hayo ndiyo maswali sahihi. Fundi hawezi kubebeshwa mzigo wa mtu aliyeongeza ghorofa au aliyekubali ziongezwe. Nakubali yote hayo. Ila najiuliza ni nani huwa pale kila siku. Mhandisi hupita kukagua kisha akaenda zake. Anayeliona zege likiongezewa maji ili liwe rahisi kumwaga, anayeona nguzo imechimbwa kupitisha bomba, anayejua ringi zimepunguzwa ili nondo zitoshe, ni fundi. Kijana aliyefundishwa fani yake tu huiona nguzo iliyochimbwa kama jambo la watu wengine. Aliyewahi kufunga nondo, kumwaga zege na kulaza bomba anajua kilichokatwa ni nini, na ana lugha ya kumweleza msimamizi. Kusikilizwa ni suala jingine, gumu zaidi, la mamlaka na ujira. Lakini anayeshindwa hata kuiona hatari hana cha kusema.

Basi kijana ajiandae vipi katika miezi ya kusubiri barua ya kujiunga? Wengi hufikiria buti na fedha ya bweni. Mimi ningeanza na hesabu, kwa sababu ndiyo lugha ambayo fani zote za ujenzi huielewa. Si hesabu ngumu. Jamvi la chumba cha mita 4 kwa 3, lenye unene wa sentimita 10, ni mita za ujazo 1.2 za zege. Vifaa vikavu hupungua ujazo vikichanganywa na kushindiliwa, kwa hiyo huongezwa karibu nusu yake. Kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne, saruji inayohitajika ni kama mifuko 8 ya kilo 50. Kijana anayeweza kulifikia jibu hilo kwa kalamu anajua kwa nini fundi aliyeagiza mifuko 5 atatoa zege dhaifu, na aliyeagiza 12 anamwibia mwenye nyumba au hajui kupima. Kona ya nyumba hupatikana kwa kamba ya 3, 4 na 5: pima mita 3 upande mmoja, 4 upande wa pili, na ncha hizo mbili zikiwa umbali wa mita 5 kona ni ya mraba kamili. Mafundi wasiowahi kukaa darasani huitumia kila siku, na mwalimu wa kidato cha pili huifundisha kwa jina la Pythagoras kwa wanafunzi wasiojua inatumika wapi. Atakayekwenda chuoni akiwa amevikutanisha vitu hivi viwili ametangulia. Ajizoeze pia kusoma mchoro. Kwenye kipimo cha 1 kwa 50, sentimita 2 za karatasi ni mita 1 ya kiwanja, na mchoro mmoja wa nyumba ndogo hubeba kazi za mafundi wote kwa pamoja: ukuta, mlango, choo, chemba. Mchoro ndio mahali pekee ambapo makutano yote huonekana kabla hayajagharimu kitu.

Kuna maandalizi mengine ambayo hayana ada. Karibu kila mtaa una nyumba inayojengwa. Kijana akiomba ruhusa kwa fundi, kwa adabu, akawa anapita kila baada ya siku chache na daftari, aandike nani alikuja kabla ya nani, na kitu gani kilibomolewa ili kingine kipite. Daftari hilo likijaa litakuwa na elimu ambayo vitabu vingi vya fani moja moja havina. Ataona kwamba grili za madirisha hufungwa kabla ya plasta na vioo vya alumini hupimwa baada yake, kwamba mabomba ya waya ya dari ya zege hulazwa juu ya mbao za kumwagia kabla zege halijaja, kwamba zege humwagiwa maji kwa siku saba na huendelea kukomaa hadi siku ya 28, huku mwenye nyumba akihimiza kazi iendelee. Ataona vilevile gharama ya haraka. Ajiandae mwilini pia, kwa uangalifu zaidi kuliko mafundi wengi wanavyojijali. Saruji mbichi ni kali na huunguza ngozi polepole bila maumivu ya mwanzo, kwa hiyo glavu na buti si anasa. Vumbi la kukata marumaru na kutindua zege huingia mapafuni likabaki. Mabati ya zamani ya asbesto hayakatwi wala hayavunjwi ovyo. Kuhusu vifaa, namshauri asikimbilie kununua seti nzima. Futi kamba, pima maji, timazi, nyundo, mwiko na penseli vinatosha kuanzia, na vinne kati ya hivyo atavitumia katika fani yoyote atakayoishia.

Wahenga wamesema mshika mbili moja humponyoka, na hiki ndicho kipingamizi kizito kuliko vyote. Mwajiri anamtaka mtu anayepanga tofali zilizonyooka, hamtaki anayejua kidogo kuhusu kila kitu. Naikubali nusu yake. Mwanafunzi wa fani nyingi lazima awe na fani moja ya mzizi, atakayoirudia mpaka mkono uwe mwepesi, na aichague mapema, ikiwezekana kabla ya muhula wa pili. Fani nyingine azijue kwa kiwango cha kuelewa zinadai nini kwa fani yake na zinaiachia nini. Tena ziko kazi ambazo sheria imeziwekea uzio. Tanzania, ufungaji umeme unahitaji leseni ya EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, kulingana na daraja la kazi. Kenya leseni hizo hutolewa na mdhibiti wa nishati wa huko, EPRA. Kijana aliyesoma fani nyingi akajua njia ya waya hana ruhusa ya kufunga meinswichi, na chuo kinachomfumba macho kuhusu mpaka huo kinamtuma kwenye hatari pamoja na familia itakayolala katika nyumba hiyo. Lakini methali ile inamhusu anayetaka kuyamiliki mawili kwa pamoja. Mwashi anayejua mteremko wa bomba hajaacha uashi wake. Ameukamilisha, kwa sababu kimo cha msingi ni uashi.

Wapo pia wanaosema chuo hakina haja: fundi hodari hutoka katika usaidia fundi, kwa kubeba karai na kukoroga zege mpaka siku anapoachiwa mwiko. Nawaheshimu sana mafundi wa njia hiyo, na nchi hii imejengwa nao. VETA yenyewe ina utaratibu wa kuwapima waliojifunzia kazini na kuwapa vyeti, nao ni utaratibu wa haki. Hata hivyo, saidia fundi hujifunza anachokifanya bwana wake, pamoja na makosa yake, na mara nyingi hujifunza bila sababu. Anaambiwa ongeza maji. Haambiwi kwamba maji yakizidi huacha matundu madogo zege linapokauka, na nguvu yake hupungua. Tena hukaa na genge la fani moja. Genge la waashi likimaliza boma linahama kiwanja, halikai kuona fundi bomba anavyoteseka na walichokiacha. Kwa hiyo miaka kumi ya usaidia fundi inaweza kupita bila mtu kuyaona madhara ya kazi yake mwenyewe. Chuo kizuri, chenye karakana zinazozungumzana, kinaweza kumwonyesha hayo katika mwaka mmoja. Nasema chuo kizuri, kwa sababu chuo kisichopeleka wanafunzi kwenye kazi halisi kina upungufu wake, na mkubwa.

Wengine husema mtaani cheti hakiulizwi. Mwenye nyumba huuliza bei, na huuliza jirani nani alimjengea. Ni kweli kwa nyumba ya kawaida, lakini ukweli huo unasogea. Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, reli ya kisasa, na bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga ni mifano ya miradi ambamo mtu asiye na karatasi hubaki katika kazi za kubeba. Kenya, Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi husajili hata mafundi wa kawaida, kila mmoja kwa ustadi wake. Cheti pia kina uzito wa pekee kwa wasichana. Msichana anayeingia kwenye genge la mtaani bila jina la ukoo wa mafundi nyuma yake hupimwa kwa maneno ya kejeli kabla ya kupimwa kwa kazi, na mara nyingi eneo lenyewe la kazi halina hata choo cha kumstahi. Kozi ya fani nyingi inamfaa kwa sababu nyingine pia: kazi za kumalizia nyumba, yaani marumaru, rangi, mabomba ya ndani na dari za gipsamu, hupokea wateja wanaotaka mtu mmoja anayeaminika kuingia ndani kwao na kukamilisha vyote. Wanawake kadhaa wamekwisha kuingia katika soko hilo, na nafasi bado ipo.

Yote niliyosema yanamdai kijana, na si haki kumdai peke yake. Ada za kozi ndefu katika vyuo vya VETA zilikaa kwa miaka mingi kwenye Sh 60,000 kwa mwanafunzi wa kutwa na Sh 120,000 kwa wa bweni kwa mwaka, ada ambazo mzazi wa kawaida anaweza kuzifikiria. Kinachokosekana ni mazoezi ya pamoja. Ningependa kila chuo chenye karakana za ujenzi kijenge nyumba moja ndogo kila mwaka, ya chumba, choo na jiko, na kila fani ishiriki kuanzia siku ya kupiga kamba: wanafunzi wa bomba wawepo msingi unapochimbwa, wa useremala wawepo mkanda unapomwagwa, wa umeme wakae na waashi kuchagua njia za waya kabla ya plasta. Wataniambia vifaa ni ghali. Ni ghali kweli, lakini vyuo tayari hutumia saruji na mbao kwa mazoezi yanayobomolewa, na nyumba hiyo inaweza kuwa ya mwalimu, au darasa la shule ya jirani ambayo kijiji chake kingechangia mchanga na kokoto. Wengine watasema ratiba za fani haziendani. Hata kwenye kiwanja cha mtaani haziendani, na kuzioanisha ndiyo kazi yenyewe tunayotaka wajifunze. Mpaka vyuo vifike hapo, kijana anayeripoti Januari anaweza kuuliza maswali mawili wiki ya kwanza: je, mafunzo ya kazini hufanyika wapi na kwa muda gani, na je, anaruhusiwa kuingia karakana ya jirani baada ya vipindi? Majibu yakiwa mabaya, aombe barua ya mafunzo ya kazini kwa mkandarasi anayejenga kuanzia msingi, asikubali kupelekwa mahali pa kupaka rangi tu, na akae pale mpaka aone paa likifungwa kwenye mkanda.